Pombe Ina Jembe

Serikali ilipotukusanya kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba ya Bibi Adela iliangukia karibu na bomba la maji. Habari zote za kijiji zikawa zinapita kwake kabla hazijafika ofisini, na mimi jirani yake sikupitwa na hata moja. Mumewe alishamzika, magoti yalishamgomea, lakini mlango wake hukuukuta umefungwa.

Balaa lilitoka kwa mwanawe Kalisti, karani wa mjini Sumbawanga. Alikuja mvua zikielekea mwisho, akakuta shamba la mama yake lina nyasi hadi kiunoni. Wenzake wote tulishainua ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia nyasi zikaoza, juu tukapanda maharage.

"Mama, mwaka huu umeshindwa. Wiki mbili nyingine nakuja na gari. Utakaa kwangu upumzike."

"Nipumzike, kwani nimekufa?"

"Nikikuta umelima, nakuacha. Hujalima, tunaondoka."

Bibi akaitikia, "Haya, baba." Alivyoitikia kwa upole, nikajua kuna jambo.

Jembe hakuligusa. Aliloweka ulezi, akauotesha, akausaga, akapika. Kisha akatutuma mimi na jirani yetu Cornelia tupite nyumba kwa nyumba: "Kwa Bibi Adela kuna pombe, na pombe ina jembe." Kwetu Ufipa maneno hayo hayahitaji ufafanuzi: anayetaka kunywa, alime kwanza. Nani alikuwa hajawahi kula kwake? Nani hakupokewa na mikono yake alipozaliwa?

Siku ya siku, shamba likafurika watu. Mzee Zenon, mwenye mgongo wa kulalamika mwaka mzima, alitutangulia akiimba. Bibi yuko kwenye kigoda kando ya mtungi, kanga mpya kifuani, anatutania: "Zenon, ntumba gani hiyo? Hata kuku akipekua inabomoka!"

Mara gari la Kalisti likasimama. Akashuka na viatu vinang'aa, akatuamkia shikamoo wote, na kwa kiu ya safari akachota kata ya pombe. Cornelia akamdaka mkono.

"We karani! Mjini wamekusahaulisha? Pombe ina jembe!"

Tulicheka hadi majembe yakatuanguka. Kalisti akamtazama mama yake amwokoe. Mama akanyoosha kidole kwenye pembe iliyobaki na nyasi.

Akavua viatu, akakunja suruali. Kwa kweli alilima, mikono ilikuwa haijasahau. Jua lilipoinama, hapakuwa na nyasi iliyosimama.

Bibi akajikongoja katikati ya ntumba zake, kichwa juu kama bi harusi.

"Kalisti baba, nimelima au sijalima?"

Kalisti akajifuta jasho, akacheka. "Umelima, mama."

Bibi akamchotea kata mwenyewe, iliyojaa hadi kumwagika. Gari lilipowashwa kurudi mjini bila yeye, akamwinamia mwanawe dirishani:

"Mkeo nimemkumbuka sana. Mwaka kesho mlete. Mwambie aje na jembe."