Unga wa Foleni

Watu wa Nyahanga wana huruma sana, na huruma yao ilikaribia kuniua. Mtu akiugua hapa kwetu Kahama haendewi mikono mitupu, anapelekewa mkate. Mkate ndio chakula cha mgonjwa, kila mtu anajua: ni laini, unachovywa kwenye chai, hauhitaji kutafunwa. Mkate ukikosekana, biskuti. Biskuti zikikosekana, uji wa ngano. Na mimi ugonjwa wangu ulikuwa ni hiyo hiyo ngano. Sasa niambie wewe ungefanya nini.

Nilitokea Samuye, nikaolewa na Nassibu, fundi cherehani. Niliposilimu nilipewa jina la Mwaisha, jina zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia, nikabaki Limi. Mama mkwe wangu, Mwahija, alizaliwa Bagamoyo, akaletwa Kahama na mume mchuuzi. Mume alipofariki, yeye alibaki na mtoto mmoja na karai la maandazi. Maandazi ya Mama Nassibu yalijulikana mpaka stendi. Asubuhi chai na andazi, jioni chai na chapati. Mimi niliyekulia ugali wa mtama na viazi vya kukausha niliona nimeolewa peponi.

Pepo hiyo haikudumu. Nilianza kuharisha, tumbo likajaa na kunguruma, mdomo ukatoka vidonda, nikakonda mpaka pete ikawa inateleza kidoleni. Zahanati walinipa vidonge vya malaria. Havikusaidia, wakanipa dawa za minyoo. Nilimeza dawa za minyoo nyingi mpaka nadhani hata minyoo ya jirani ilikufa. Jirani mwenyewe, Eufrasia, alikuja kunitazama na nusu mkate kifuani, kauficha ndani ya kanga kwa sababu mwaka ule wa themanini na mbili mkate ulikuwa haupatikani ovyo. Alikaa akahakikisha nimeumaliza. Nilimshukuru, kisha nikakimbilia chooni.

Jambo lililonitia matatani ni hili: kila nilipokwenda Samuye kumsaidia mama yangu shambani, nilipona. Nilikula ugali, mlenda na maziwa ya mgando, mashavu yakarudi. Nikirudi mjini, naumwa tena. Mjini walisema mtoto wa Kisukuma hataki ndoa, anatafuta njia ya kurudi kwao. Samuye walisema kuna mtu nyumbani kwa Nassibu anamla kichawi. Wengine walinishika mkono kwa upole wakaniambia mficha maradhi kilio humfichua, kana kwamba nilikuwa naficha kitu. Nilikuwa nakimbilia choo cha nje mchana kweupe, mtaa mzima unaniona. Nifiche nini?

Hatimaye Nassibu alinipeleka Mwanza, hospitali kubwa. Daktari alinipima, akaniuliza ninakula nini kwetu na ninakula nini kwa mume wangu, akauliza tena. Kisha akaniambia utumbo wangu haupatani na ngano. Akataja jina la ugonjwa, ambalo siku hizi wajukuu wangu wanalitamka vizuri, siliaki, lakini siku ile liliingia sikio hili likatokea lile. Lililobaki ni amri yake. Dawa hakuna. Usile ngano, wala shayiri, maisha yako yote, hata chembe. Nilitoka pale nikiwa na furaha kama mtu aliyeachiwa kutoka rumande.

Furaha iliishia kwenye basi.

"Kwa hiyo usile ngano," Nassibu alisema.

"Ndiyo."

"Sawa. Na mkate je?"

"Mkate ni ngano, Nassibu."

"Na maandazi? Maana yale yanakaangwa, yanaiva sana."

Nilitazama nje ya dirisha mpaka tukafika.

Mama mkwe alikuwa mgumu zaidi. "Daktari gani anamnyima mgonjwa mkate?" aliuliza, na hakuuliza mara moja. Ungemsikia ungedhani nimekatazwa hewa. Unga wa ngano wakati ule ulikuwa adimu kuliko dhahabu ya kule Geita. Watu waliweka mawe kwenye foleni mbele ya duka la ushirika kabla ya alfajiri, kila mtu na jiwe lake, na unga ukija hautoshi. Mimi kuukataa ilikuwa kama kumtemea mate mtu usoni. Nassibu akawa ananinong'oneza, "Kula kidogo tu, usimvunje moyo mama." Kidogo tu. Ningekuwa na uwezo ningelifuta neno hilo kwenye Kiswahili.

Tuligombana wiki nzima, kisha siku moja mama akabadilika. Akasema basi, nitakupikia vitumbua vya mchele, kila asubuhi, vyako peke yako. Akaloweka mchele, akautwanga, akatia iliki. Nazi hakutia, kwa kuwa Kahama nazi ilikuwa hadithi tu. Vilitoka laini ajabu. Nilipokula cha kwanza machozi yalinilengalenga, nikaona sasa nina mama mjini kama nilivyo na mama kijijini.

Na niliendelea kuugua.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Ngano nimeacha, mkate siugusi, chapati siitazami, na bado nakimbilia uani. Nassibu alisema kwa sauti ya chini kwamba labda Mwanza walikosea. Mama alizidi kunihurumia, na vitumbua vilizidi kuwa vingi. Mimi mwenyewe nilianza kujiuliza kama kweli moyo wangu haujaikataa ndoa bila kuniambia. Lakini nilimpenda yule mwanamume. Nilipenda anavyoimba vibaya akikanyaga cherehani. Nilijua pia kwamba mke anayerudishwa kwao kwa ugonjwa hakuna anayemfuata tena.

Kaka yangu Bujiku alikuja na lori la kubebea pamba. Nilipomwona anashuka na kofia yake ya sherehe nilijua hakuja kusalimia.

"Shikamoo mayu," alimwambia mama mkwe, kwa adabu zote, maana kwetu mayu ni mama.

"Marahaba baba. Karibu, kaa, chai ipo."

Alikaa. Chai hakuigusa. "Mayu, mimi sina maneno mengi," alisema. "Limi kwetu anapona, hapa anaugua. Mara ya kwanza tulinyamaza. Mara ya pili tukanyamaza. Yaya, hapana, sasa imetosha. Nimekuja kumchukua, na ng'ombe wenu mtarudishiwa."

"Shemeji, tulia kwanza," Nassibu alisema.

"Nimetulia tangu mwaka juzi."

Mama mkwe aliweka birika chini. "Unaposema anaugua hapa, una maana gani?"

"Mayu, wakubwa walisema kikulacho ki nguoni mwako."

Sikuwahi kumwona mama amesimama haraka namna ile, na magoti yake yalivyokuwa yanamsumbua.

"Mimi?" alisema. "Ninayeamka kabla ya adhana kwenda kuweka jiwe kwenye foleni? Jiwe langu linatupwa, nasukumwa na vijana wasionijua, narudi na kilo moja ya ngano. Kilo moja. Nimeacha kukaanga maandazi ya kuuza. Muulize mwanangu huyu lini alikula chapati mara ya mwisho. Unga wote ni wa dada yako. Daktari kamkataza mkate, sawa, mkate hapati. Lakini mgonjwa ataishi kwa mchele mtupu? Nguvu atazitoa wapi? Kila asubuhi namtilia konzi mbili za ngano kwenye vitumbua vyake, nachanganya vizuri asiione, ale, apate damu. Halafu unakuja kukaa kwenye mkeka wangu unaniita mchawi."

Nassibu alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo, kimebaki pale pale.

"Mama," nilisema taratibu, "konzi mbili?"

"Wakati mwingine tatu," alisema, bado amemkazia macho Bujiku. "Nikiona umezidiwa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kuvunja kitu. Miezi yote ile. Nimejitilia shaka, nimeutilia shaka moyo wangu na ndoa yangu, kumbe kadiri nilivyougua ndivyo alivyoongeza, na kadiri alivyoongeza ndivyo nilivyougua.

Bujiku alisimama. "Umesikia mwenyewe, amekiri. Funga nguo zako twende."

"Kaa chini, Bujiku," nilisema. Nadhani sauti yangu ilimshtua, kwa sababu alikaa. "Huyu si mchawi. Mchawi ana nafuu, chakula chake unakikataa na watu wanakusifu. Huyu ananipenda, na nimechoka kupendwa hivi. Na wewe Nassibu, kazi yako kidogo tu, kidogo tu, kama umefundishwa neno hilo peke yake. Na wewe mama. Nilisema hata chembe. Nimesema asubuhi, nimesema jioni, nimesema nikiwa nimeshika tumbo mlangoni pa choo. Mlidhani ninaimba?"

"Nilidhani ni yale maneno ya madaktari," mama alisema. "Wanakataza pombe, wanakataza chumvi, watu wanakula na wanaishi. Nani anadhurika na ngano?"

"Mimi."

Aliniangalia. Akamwangalia Bujiku, akarudi kwangu, na nikaona anahesabu kimya kimya: siku za foleni, siku za Samuye, siku nilizolala bila kuinuka. Akajishusha polepole mpaka akakaa.

"Basi ni mimi," alisema.

Mkwe mwema angemkimbilia, akamwambia hapana mama, hukujua. Sikuwa na wema huo siku ile. "Ndiyo mama," nilisema. "Ni wewe."

Aliinuka, akaingia chumbani kwake. Tulisikia anavuta kitu uvunguni. Alirudi na debe dogo la unga, akaliweka mapajani mwa Bujiku. "Mpelekee mama yenu," alisema. "Huku usituachie hata vumbi. Na dada yako muulize mwenyewe kama anataka kwenda, mimi sina mdomo tena."

Bujiku aliniuliza. Nilimwambia pamba ikianza kuvunwa aje anitazame, na akinikuta bado mgonjwa nitapanda lori mwenyewe bila kubembelezwa. Alitikisa kichwa, hakuridhika, lakini aliondoka. Alikuja kuchukua dada, akarudi na ngano.

Nilipona. Haikuwa kwa siku moja, lakini aliporudi msimu wa pamba alinikuta natoka kisimani na ndoo kichwani na nyingine mkononi, akanitania kwamba nimekuwa mzito kuliko mtamba wake. Mama aligeuka balaa la namna nyingine. Alitangaza tumbo langu mtaa mzima. Kwenye harusi alitangulia jikoni kwa wapishi, akauliza kila sufuria ina nini, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanaume, "Huyu wangu akila ngano anaharisha, msimpe hata akiomba." Nilitamani ardhi ipasuke. Wapishi walinipakulia wali pembeni kwa mwiko safi, na walifanya hivyo kila harusi iliyofuata bila kukumbushwa.

Hayo yalikuja baadaye. Siku ile, lori la Bujiku lilipoondoka, mama alitoka kwenda uani na chuma cha vitumbua, chekeche, mwiko, kila kilichowahi kugusa unga. Akachota mchanga na majivu akaanza kusugua. Nilimfuata. Nilikuwa bado na hasira naye, nilitaka tu kuona kama anasugua inavyotakiwa.

Alisugua muda mrefu bila kunitazama. Kisha akasema, "Na ile mimba iliyotoka mwaka jana. Nayo ni ngano?"

Tulikuwa hatujaitaja tangu siku aliponifulia zile kanga. Nassibu mwenyewe hakuwahi kuitaja. Hasira yangu ilitaka niseme ndiyo, na huenda ingekuwa kweli, kwa sababu daktari sikumwuliza na yeye hakuniambia. Niliangalia mikono yake. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa mchanga na alikuwa hajavihisi.

"Sijui, mama," nilisema. "Wallahi sijui."

Hakuniamini, nilimwona. Nikachuchumaa mbele yake, nikachota mchanga, nikaanza kusugua upande wa pili wa chuma.