Kiti Kinachotazama Kioo

Wagonjwa walimwita Mama Pii, naye hakuwahi kuwakataza. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya mashine na kubonyeza, na sauti ndogo, pii, inaingia kwenye sikio la mtu aliyefungiwa ndani ya kile chumba kidogo chenye kuta nene za sponji. Mtu akisikia, naye anabonyeza kitufe alichoshikishwa, na huku nje taa inawaka. Asiposikia, taa haiwaki, na Mama Pii anaongeza sauti. Basi, ndiyo kazi. Anayedhani ni rahisi aje aifanye kutwa nzima bila kusinzia.

Hapo ni kliniki ya masikio, pua na koo, ghorofa ya pili, mwisho wa korido inayonuka spiriti. Mwaka huo palikuwa na utafiti. Daktari bingwa, mtu mrefu mwenye miwani isiyokaa sawa na maneno yasiyokwisha, alitaka kujua jambo moja: mtu akiamka asubuhi akakuta sikio limezima ghafla, je, vidonge peke yake vinatosha kulirudisha, au lazima achomwe sindano ndani ya sikio lenyewe, kupitia ngoma yake? Sindano ile, jamani, hata kuitazama haifai. Kwa hiyo wakakubaliana hivi: kila mgonjwa anaanza na vidonge, na kila wiki anapimwa. Kipimo kikipanda, anaendelea na vidonge vyake kwa amani. Kikigoma, anachomwa sindano, tena upesi, kwa sababu sikio la namna hiyo halingojei mtu. Likipita mwezi na kitu, mshipa wa ndani umeshakufa, na hapo umchome usimchome ni yaleyale.

Mama Pii aliifaa kazi ile kwa sababu ambayo hakuna aliyethubutu kuisema: hakuwa na haraka ya kwenda popote. Mumewe alifariki mwaka uliotangulia. Alitoka asubuhi kwenda kazini, jukwaa la ujenzi likaporomoka, na mchana akaja mtu mlangoni amevua kofia. Watu walilia mpaka sauti zikakauka, yeye alikuwa akizunguka na kugawa viti. Wakanong'ona, "Huyu kweli mwanamke wa shoka, angalia alivyojikaza." Kujikaza wapi! Alikuwa amekufa ganzi, kama fizi iliyochomwa sindano ya kung'olea jino, tofauti ni kwamba ganzi yake haikuisha jioni. Akahamia kwa mama yake. Akawa anakula akipewa, analala saa ya kulala ikifika, na kazini hakosi.

Ndipo sikio la mama likazima. Na mama huyo hakuwa na sikio la akiba. La kushoto lilikufa tangu utotoni, kwa usaha uliotoka miaka na miaka bila tiba, kwa hiyo maisha yake yote alisikilizia la kulia. Asubuhi moja alitoka chumbani, akamsogelea binti yake jikoni na kumuuliza kwa kelele, "Mbona umezima redio?" Redio ilikuwa inaunguruma hadi kwa jirani.

Akapelekwa kliniki siku hiyohiyo, akaingizwa kwenye utafiti. Sasa, kanuni inasema ndugu hampimi ndugu. Lakini mpimaji mwenzake alikuwa likizo ya uzazi, na daktari akakuna kichwa kidogo tu, akasema, "Mashine haijui nani kamzaa nani. Mpime, twende."

Kipimo cha kwanza kilikuwa kibaya. Cha wiki iliyofuata kikapanda, cha wiki nyingine kikapanda tena. Mama anakaa ndani, amevaa vile visikizi vikubwa, anamtazama binti yake kupitia kioo, kidole gumba hakichelewi. Pii, taa. Pii, taa. Daktari alipoona mstari wa kwenye karatasi alipiga makofi. "Bibi huyu ana sikio la msichana! Sindano ya nini hapa? Aendelee na vidonge." Na Mama Pii, kila taa ilipowaka, alihisi kitu kidogo kifuani, mfano wa mguu uliokaliwa muda mrefu damu inapoanza kurudi. Hakukipa jina, ila alianza kuingojea siku ya kipimo.

Mtu atauliza: mnaishi nyumba moja, na nyumbani hukuona kitu? Haya, na aulize. Nyumba ile haikuwa na maneno. Mama akitaka jambo anasema yeye, binti anaitikia kwa kichwa. Chakula kinaliwa, vyombo vinaoshwa, kila mtu na chumba chake. Kiziwi angeweza kuishi humo raha mustarehe bila kushtukiwa. Na mama, mwenye sikio moja tangu utotoni, alishajizoeza kusoma midomo ya watu kitambo sana.

Mwezi na nusu ukapita hivyo. Siku ya siku, mfagizi aligonga kioo cha kile chumba kwa mpini wa fagio, kikapata ufa. Fundi akaja, akatazama, akasema kioo kipya kitachukua muda, akabandika kipande cha boksi na gundi ya karatasi, akaenda zake. Asubuhi yote vipimo vikawa balaa. Watu waliokuwa wanasikia vizuri wiki iliyopita sasa hawasikii kitu. Mama Pii akakagua nyaya. Akavaa visikizi mwenyewe, akasikiliza: mashine nzima kabisa.

Akatoka humo mgonjwa mmoja, fundi mpaka rangi wa nyumba, mcheshi wa kliniki, mtu ambaye hata siku za sikukuu suruali yake ina rangi tatu. Amenuna.

"Mama Pii, leo umenionea."

"Nimekuonea nini?"

"Umejifungia nyuma ya boksi! Sasa mimi nitajuaje nibonyeze saa ngapi?"

"Unabonyeza ukisikia."

"Nikisikia, sawa. Nisiposikia, nakutazama wewe." Akasogea karibu, akashusha sauti kama anayetoa siri ya serikali. "Kila ukipiga hiyo pii yako, unainua kidevu. Hivi." Akabana midomo, akainua kidevu taratibu, macho yakamtoka kwa matumaini. Alimwiga barabara. "Kwani hujijui? Wote tunajua. Mgeni akija pale kwenye benchi tunamwelekeza: wewe mwangalie kidevu tu."

"Kwa nini mnafanya hivyo?"

"Dada yangu," mpaka rangi akasema, "ile sindano umeiona lakini?"

Angekuwa mtu mwingine angecheka, au angemfukuza. Mama Pii alisimama tu akikitazama kile kiti. Kiti cha mgonjwa hakipaswi kutazama kioo. Kinakaa upande, mgonjwa anatazama ukuta, asimwone mpimaji hata mkono. Ni somo la siku ya kwanza. Lakini mgonjwa mmoja mwoga wa kufungiwa aliwahi kupiga mayowe humo, kiti kikageuzwa ili aone watu nje, kisha hakuna aliyekirudisha. Aliyekigeuza ni Mama Pii mwenyewe, kwa mikono yake miwili. Wagonjwa wa utafiti mzima walikuwa wamepita hapo, wakibonyeza kwa kufuata kidevu chake. Na mama yake alikuwa mmoja wao.

Akaenda kwa daktari, akamweleza yote bila kupepesa macho. Daktari akavua miwani.

"Wangapi wameharibika?"

"Wote."

"Basi utafiti umekwenda na maji," akasema, akaiweka miwani mezani. Halafu akajiinua. "Mama yako... yeye sindano hakupata."

"Hakupata."

"Na muda wake umepita."

"Umepita, daktari."

Daktari akausugua uso wake kwa viganja. "Mimi ndiye niliyesema umpime. Hilo libaki kwangu. Lakini nisikudanganye: sindano nitamchoma, ila itakuwa ya kutuliza roho zetu. Kilichobaki ni kitu kimoja. Kama ndani kuna masalia, hata kidogo, ya sauti kubwa kabisa, tutamwekea kifaa cha sikioni na ataongea na watu. Kama hakuna, kifaa kitakuwa pambo. Mpime kesho. Safari hii akipe kioo mgongo."

Jioni ile Mama Pii hakuingia chumbani kwake. Aliwasha taa ya sebuleni, akakaa mbele ya mama yake, magoti yakigusana, akatamka kila neno polepole.

"Mama. Ulikuwa husikii."

Mama akaitazama midomo yake, akajifanya hakuelewa. Akarudiwa. Akashusha macho kwenye mikono yake.

"Wiki ya kwanza nilikuwa nasikia kidogo," akasema, kwa ile sauti yake iliyokuwa imezidi kukua bila mtu kuuliza kwa nini. "Baadaye hapana."

"Uliogopa sindano?"

"Sindano!" Mama akasonya. "Nimezaa mara tano na nimezika wanne, niogope sindano?"

"Sasa kwa nini, mama? Kwa nini?"

Mama akainua macho. "Ulikuwa unafurahi," akasema. "Tangu tumzike mume wako, uso wako umekuwa ukuta. Nakupikia, ukuta. Nakusemesha, ukuta. Siku ile nikabonyeza, nikaona uso wako umefunguka. Kidogo tu, pale nyuma ya kioo. Nikabonyeza tena, ukafunguka tena. Nikasema, kumbe mwanangu bado yumo. Ningeacha vipi? Nikawa naihesabu Jumanne kwa Jumanne nikakuone."

"Lakini sikio lako, mama."

"Sema taratibu, sijakupata."

"Sikio lako!"

"Ah," mama akasema, akampapasa goti. "Nilidhani litarudi lenyewe. Mlisema vidonge ni vikali."

Mama Pii alijua kwamba hapo ndipo mtu hulia. Alingoja machozi kwa adabu, hayakuja. Akainuka akaosha vikombe.

Kesho yake aliingia kwenye chumba cha sponji kabla ya mtu yeyote, akakishika kiti, akakigeuza. Kilikuwa chepesi. Mama akaja amevaa gauni lake la kutokea, akaketi, akavalishwa visikizi, akashikishwa kitufe. Binti yake akamweleza kwa midomo na vidole: ukisikia tu, mama, ukisikia kweli. Mama akaitikia kwa kichwa, kwa utii wote wa mtoto wa shule. Mlango mzito ukafungwa.

Mama Pii akakaa mbele ya mashine. Kwenye sehemu ya kioo ambayo haikubandikwa boksi aliona kisogo cha mama yake, mvi zilizosukwa mistari, na mkono wa kulia uliotulia juu ya paja na kidole gumba kikiwa tayari. Akaanza chini. Taa haikuwaka. Akapandisha. Akapandisha tena, akabadilisha sauti nyembamba kwa nzito, zile nzito ambazo masikio yaliyochoka huzikumbuka mwisho. Hakuna. Akafika kiwango ambacho kinavuja nje ya ukuta, yeye mwenyewe akakisikia, pii, pii, pii. Kidole gumba hakikutikisika. Akaisukuma mashine mpaka ikagota. Akabonyeza na kushikilia, akashikilia, macho kwenye taa, na taa ikabaki hivyohivyo, nyeusi.

Akaachia. Palikuwa na kipaza sauti pale mezani, cha kuongea na mgonjwa aliye ndani. Akakifungua, bila kujua anataka kusema nini.

"Mama," akasema.

Kisogo kilitulia.

"Mama, mimi bado namngojea. Jioni nikisikia hatua za mtu barabarani, nasimama. Kila siku nasimama. Hakuna anayejua. Wananiambia nimejikaza, mama, mimi sijajikaza. Sijui nimekwenda wapi. Naogopa sitarudi." Sauti yake ilianza kukwaruza, akaiacha ikwaruze. "Nilikuwa nataka kukwambia wewe. Siku zote hizi. Nilisema nikungoje upone sikio kwanza, halafu nitakwambia yote, tukae tuongee mpaka tuchoke."

Uso wake ulikuwa umelowa. Aliugusa kwa mshangao, akavitazama vidole vyake, kisha akaegemeza paji la uso kwenye kile kipaza sauti na kulia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima, chote kikiingia moja kwa moja kwenye visikizi vya mama yake.

Ndani, mama aliendelea kukaa wima, uso kwenye ukuta, kidole juu ya kitufe. Muda ukapita. Mwishowe akajitengeneza kidogo kwenye kiti, asije akaharibu kipimo, na bila kugeuka akauliza kwa kelele:

"Mwanangu, umeshaanza?"