Mgomba wa Mjomba Lukasi

Nyumbani kwetu Bigwa kulikuwa na kaburi la mgomba. Ni mgomba kweli: ulikatwa nyuma ya choo chetu, ukavishwa sanda, ukaombewa na katekista bila kucheka, ukazikwa na msalaba juu yake.

Aliyepaswa kulala pale ni mjomba wangu Lukasi, kaka mkubwa wa mama, askari wa miavuli. Siku ya mazoezi aliruka na wenzake juu ya uwanda ulio mashariki mwa mji. Wenzake walitua. Yeye alichukuliwa na upepo kuelekea milimani, na waliokuwa chini walimwona akining'inia, anazidi kuwa mdogo, mpaka wingu la Uluguru likamfunika. Wanajeshi walitafuta. Wakulima wa kabichi wa huko juu walitafuta. Hakuonekana yeye wala mwavuli, na ukifikiria ukubwa wa kitambaa chenyewe, unaona msitu ule unajua kuficha.

Mwaka ulipopita, ukoo ukaamua azikwe. Mwili hakuna, basi mgomba. Kisha likabaki jina. Kwetu Waluguru jina la marehemu haliachwi chini. Hupewa mtoto wa dada yake, na anayelipokea huwa ndiye. Si mfano wake. Ndiye. Dada yake mwenye mtoto wa kiume alikuwa mmoja tu, na mtoto huyo nilikuwa mimi, Eustace, kidato cha pili, chunusi uso mzima. Wakanivalisha kofia yake, ikanishuka hadi puani, wakaninyunyizia unga kichwani, nikawa Lukasi.

Faida zilikuwepo. Mama alianza kuniita kaka, na haifai mtu kumchapa kaka yake mkubwa. Nikikosea ilibidi kwanza aniite Eustace, anichape, halafu anirudishie ukaka wangu.

Bibi Winfrida, mama yake Lukasi, hakuona cha kuchekesha. Aliniita mwanangu na kunipakulia nyama ya mtu mzima. Lakini ndege ikipita aliacha alichoshika, akatoka uani, akatandaza khanga yake kwa mikono miwili kama anayedaka embe, akasimama hivyo mpaka mlio uishe. Siku moja nikamwuliza anamdaka nani, wakati Lukasi yupo hapa nyuma yake anatafuna muhogo. Niliona nimetania vizuri.

"Wewe ni jina lake," alisema. "Mwenyewe hajatua."

Tangu siku hiyo ndoto zangu zikabadilika. Wengine huota wanaanguka, hushtuka kabla ya kufika chini. Mimi niliota naning'inia tu, miguu hewani, ukungu kila upande, na chini hakuji.

Sasa mtu wa namna hii anaendaje kuomba kuwa askari wa miavuli? Mtaani niliwaambia watu kwamba wasichana wa Kilakala wanapenda bereti. Ukweli ni kwamba nilitaka kutua. Nilichoka kuning'inia na jina la mtu, na njia pekee niliyoijua ya kutua ni kuruka kwanza. Nilimaliza shule, nikapita JKT, nikaandikishwa jeshini, na walipouliza nani anataka miavuli, mkono wangu ulinyooka kabla sijauruhusu.

Mama alilia siku mbili. Bibi nilimkuta jikoni, anachambua mboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wanasema unakwenda kuruka."

Nikamwambia ndiyo, na kwamba bila baraka yake siendi. Hilo lilikuwa kweli. Kwetu ukiondoka huku bibi amekununia, hata baiskeli itakuangusha.

"Baraka nitakupa," alisema. "Ila usishuke peke yako."

Nikacheka. Nikamweleza kwamba mwavuli wa jeshi unabeba mtu mmoja.

"Lukasi alikuwa mwembamba," alisema.

Akanifundisha. Nikiwa hewani nimwite kwa jina, kwa Kiluguru, bila kelele, nimwambie twende chini, mama amechoka kusimama. Nikauliza itakuwaje akiitika.

"Kwani wewe ukiitwa na mtu wa kwenu huitiki?" Akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vimelowa. "Ukirudi nitakuuliza. Usinidanganye ili kunifurahisha. Nikidanganywa juu ya hili, nitakufa nimesimama pale uani."

Nikaahidi. Ndivyo nilivyokwenda mafunzoni: wenzangu wanataka mabawa ya kushona kifuani, mimi nimetumwa mtu.

Mkufunzi wetu alikuwa Sajenti Nasibu, Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani wetu Waluguru tangu enzi za mababu. Alipojua natoka Bigwa alifurahi kama amepewa mbuzi. Kila nilipopanda mnara wa mazoezi aliwatangazia kuruta wote kwamba Waluguru hawapandi ndege, wanaogopa kuona mashamba yao yalivyo madogo. Nami nilimjibu kwa adabu kwamba Wanyamwezi ndege hawazihitaji, mizigo waliibeba kwa miguu hadi pwani. Hapo alinipigisha pushapu huku anacheka.

Kisha akasikia kwamba nimebeba jina la Lukasi. Utani ukakatika siku hiyo hiyo. Mtani wako akiacha kukutania, nenda kwa fundi seremala ukapimwe urefu.

Jioni moja aliniita pembeni, akaniambia yeye ndiye aliyeruka nyuma ya mjomba siku ile. Upepo ulipombeba, Lukasi alipita juu ya Nasibu, karibu kiasi cha kusikilizana. Nikamwuliza kama mjomba alikuwa anapiga kelele.

"Hapana," alisema Nasibu. "Alikuwa anaongea. Taratibu. Kama mtu anayejibu maswali."



Siku ya kuruka kulikuwa kweupe. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, Uluguru ilikuwa imekaa mbele yetu na wingu lake shingoni. Ya mlangoni siyakumbuki vizuri. Nakumbuka kiganja begani, kisha tumbo langu kubaki juu bila mimi. Mwavuli ukafunguka, ukanikata mwendo, na kelele zote zikafa.

Nilikuwa ndani ya ndoto yangu. Miguu hewani, na chini hakuji.

Upepo ulikuwa unasukuma kuelekea mlimani. Niliwaona wenzangu wakisogezwa upande ule, wakihangaika na kamba zao. Nikakumbuka ahadi. Niliona aibu, jeshi zima chini linanitazama, lakini nikamwita. Nikamwambia twende, mama amechoka kusimama.

Hakuna aliyeitika. Hilo nalisema wazi, kwa sababu watu wa Bigwa wameshaliongezea chumvi. Sikusikia sauti wala sikuona mtu. Ila mikanda ilinikaza mabegani ghafla, pande zote mbili, nikaanza kushuka kwa kasi. Nikawapita walioruka kabla yangu. Upepo uliowasogeza upande wa mlima haukunigusa. Nilikwenda chini wima kama ndoo kisimani.

Nilifikia miguu, nikasikia goti likilia. Sajenti Nasibu alikuja mbio. Hakuniangalia usoni. Alizitazama alama za buti zangu, zilivyozama kwenye ardhi iliyokauka, kisha akaenda kutazama za wenzangu waliotua mbali kidogo, ambazo hazikuzama.

"Umeshuka kama umebeba mtu," alisema.

Nilimsubiri acheke. Hakucheka.

Mabawa niliyapata, pamoja na ruhusa ya kwenda nyumbani. Nilipanda kilima chetu nikichechemea. Bibi alikuwa mlangoni. Hakuitikia shikamoo yangu. Alitazama nyuma yangu, njiani.

"Umemleta?"

Nilikuwa na uongo mzuri, nimeupanga tangu stendi. Nikaumeza.

"Nilimwita, bibi. Hakuitika. Ila nilishuka mzito."

Mama, aliyekuwa amekuja kunilaki, akaziba mdomo. Bibi alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyeletewa habari anayoijua.

"Lukasi hakuwa mtu wa kuitika," alisema. "Nilikuwa namwita chakula mpaka sauti inakauka. Nikigeuka namkuta ameshakaa."

Akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaelekea kaburini. Alisema mgomba ule umelala mahali pa mtu, na mwenyewe sasa amekuja, atalala wapi? Mama alimsihi, akasema kaburi halifunuliwi, na likifunuliwa haliachwi wazi, litamwita mwenye jina. Bibi alikuwa ameshang'oa msalaba na kuulaza kwenye majani. Nisingeweza kumwacha achimbe peke yake. Nikavua shati, nikaingia.

Mgomba ulikuwa umekwisha. Sanda ilibaki vipande, ndani yake nyuzi nyeusi. Nilizitoa zote. Nilipoinama kukwangua chini kabisa, mabegani pakakaza, palepale pa mikanda. Sikuweza kuinuka. Nikakumbuka kwamba mwenye jina lililoandikwa kwenye ule msalaba, kwa mila, ni mimi, na kwamba nimesimama ndani.

"Lukasi," bibi aliita kutoka juu.

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimezoea kuitikia. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikauma ulimi. Hakuna aliyeitika. Kisha uzito ukatoka, bega moja kwanza, halafu la pili, kama mtu anayevua begi.

"Eustace," aliita tena.

"Naam, bibi."

"Toka humo. Mwache mwenzio alale."

Nilitoka kwa mikono na magoti, wala sikugeuka. Tukafukia, mimi na mama, huku bibi akivunja mabonge kwa vidole. Tulikuwa tumetoa mgomba na sanda yake, hatukurudisha kitu. Shimo lilipaswa kubaki na bonde. Lakini tulipomaliza kushindilia, udongo ulikuwa umebaki, fungu zima, kama unavyobaki ukishazika mtu. Mama aliutazama, akanitazama mimi. Bibi alikuwa ameshaanza kuutengeneza tuta.