Ampea Mbili za Buzebazeba

Jumamosi saa tatu asubuhi, Gervasi, fundi umeme wa magari kutoka Gungu, alishuka kwenye bodaboda ufukweni, upande wa Ujiji, na mfuko wa bisibisi na mita ya sindano. Gari aliloitiwa lilikuwa la aina yake peke yake mji mzima: ndani lina kitanda, jiko na sinki, na juu ya paa paneli ya jua.

Mzungu aliyekuja nalo aliugua, akarudi kwao kwa ndege, akamwachia gari mlinzi wake, Erasto. Erasto naye akafa. Siku ya kuanua matanga ndugu zake walikaa kikao cha ukoo, wakamwambia mjane, Melania, arithiwe na shemeji yake Castory. Akakataa. Basi wakachukua nyumba yao ya mtaa wa Buzebazeba, michikichi, na Wema, bintiye wa miaka kumi na mitatu. Gari wakamwachia mama mtu, maana kikao kiliamua kwamba nyumba yenye matairi si nyumba. Haya, kama si nyumba, mbona walimwambia akalale humo? Hakuna aliyeuliza. Injini ilikuwa imekufa, likavutwa kwa trekta mpaka ufukweni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Betri haishiki chaji. Na hii simu yangu ni kimeo, isipochomekwa haiongei. Wema hunipigia Jumapili saa kumi, akitumwa chumvi dukani kwa Vénérande. Jumapili tatu sasa ananikosa. Nimemkumbuka mpaka naumwa."

Gervasi akapima. Paneli, volti kumi na nane. Chaja, kumi na nne. Betri, kumi na nusu, na ilikuwa mpya. Akakwangua vichwa vyake kwa msasa, akapima tena, zikawa zile zile.

"Humu kuna mnywaji," akasema.

Akachomoa fyuzi moja moja: taa, friji, pampu ya maji. Betri iliendelea kunywewa. Ikabaki fyuzi ya waya mwekundu uliopita chini ya mlango na kuishia hewani, hatua moja kutoka kwenye gari, umekatwa kwa panga.

"Huo aliufunga marehemu," Melania akasema. "Gari lilipokuwa uani kwetu, alipeleka taa stoo. Castory akaukata siku ya kunitoa."

Gervasi akaweka mita. Ampea mbili zilifika kwenye ile ncha, zikaendelea na safari. Akachomoa fyuzi, zikakoma. Akairudisha, zikapita.

"Zinaenda Buzebazeba," akasema, kwa sauti ile ile anayowaambia watu kwamba rejeta inavuja. "Nani yuko stoo?"

Melania hakujua. Alikatazwa kukanyaga kile kiwanja. Akamtuma fundi akaangalie.

Gervasi alirudi saa saba. Castory alikuwa sebuleni anatazama mpira, feni inazunguka. Wema amehamishiwa stoo, katikati ya madebe ya mawese, na stoo haina dirisha. Mchana kutwa anasoma chini ya taa ndogo yenye swichi, ambayo waya wake umetokeza ukutani na kuning'inia, umekatwa.

"Shemeji yako anamshukuru Mungu, anasema taa ile haimlii umeme wake."

"Mtoto je?"

"Amekonda. Anajiandaa na mtihani wa darasa la saba. Nilimwambia taa inatoka kwa mama yake, akasema anajua."

Melania akakaa kwenye ngazi ya gari.

"Sasa, mama, nikiitoa hii fyuzi, kesho mnaongea. Nikiiacha, hata ulete betri kumi, zitanywewa zote."

"Nimwache mwanangu gizani ili mimi niongee? Toba!" Alilia waziwazi, akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Iache hapo hapo. Ikaze."

Gervasi akaikaza. Mita yake akaiacha imefungwa kwenye ule waya, akasema ataifuata mtihani ukiisha, mwezi wa tisa.

Jumapili, Melania alikaa na simu mapajani, imezima. Sindano ilikuwa kwenye mbili. Saa kumi kamili ikaanguka sifuri, ikapanda, ikaanguka, ikapanda.

"Abee, mwanangu," akaitika.

Akamweleza kwamba dagaa wameadimika, akamuuliza kama amekula. Sindano ikaanguka mara moja, ikapanda. Waliongea hivyo mpaka jua lilipoelekea Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Mwezi wa tisa, Gervasi alikuja kufuata mita yake, siku ya Jumapili. Mtihani ulikuwa umeisha. Wema alikuwa bado stoo, na ukuta wa stoo ulikuwa vile vile, hauna dirisha.

"Niachie tu, baba. Saa kumi mwanangu huongea nami humo," Melania akamwomba.

Gervasi akatazama saa yake. Ilikuwa kumi kasoro dakika mbili. Akaaga haraka, asije akawakatisha maongezi.