Kanda ya Mwisho ya Mwalimu

Tak.

Kitufe cha redio-kaseti kiliruka chenyewe gizani. Kanda ilikuwa imefika mwisho. Umeme ulikuwa umekatika na bado hakujapambazuka. Mama alikuwa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kitanda cha bintiye, akatega sikio kuona kama mtoto ameshtuka. Hakushtuka. Nyumbani mtoto huyo alikuwa akiitwa Chiriku, na ukimsikia mchana hutauliza kwa nini.

Mama huyu alikuwa mtangazaji wa kipindi cha piano cha Jumapili asubuhi, ambacho bosi wake alikiita kwa utani "kipindi cha watu watatu na paka". Wiki hiyo alikuwa amekabidhiwa kanda za mwanamke aliyefundisha piano sebuleni kwake maisha yake yote, asijulikane nje ya mtaa. Wanafunzi walimwita Mwalimu, basi. Sasa alikuwa hoi kitandani. Mumewe, fundi mitambo mstaafu, ndiye aliyemrekodi, na ndiye aliyezileta kanda redioni kazifunga kwenye kitambaa kama mayai.

"Mke wangu anataka hukumu," alisema. "Si sifa. Hukumu. Na aisikie angali hai."

Basi mama akasikiliza. Ulikuwa muziki wa karne ya kumi na tisa, wa watunzi waliopenda kupita kiasi wakafa mapema. Kanda za mwanzo zilimsikitisha. Hazikuwa mbaya, heri zingekuwa mbaya. Vidole safi, kila noti mahali pake, sauti ya juu ikiimba vizuri, lakini chini yake mguu umeng'ang'ania pedali mpaka besi imekuwa uji. Halafu haraka! Mwalimu alipiga kama mgeni anayeaga huku keshashika kitasa. Kila penye kidonda, alipita mbio.

Kanda ya mwisho ndiyo iliyomkosesha usingizi. Ilikuwa na wimbo mmoja mrefu wa usiku, umepigwa kwa wepesi wa msichana. Bosi alipousikia kidogo tu alipiga meza: "Huu ndio! Mgonjwa anapiga hivi?" Mama naye alijiuliza hivyo hivyo, ila si kwa furaha.

Alirudisha kanda mwanzo, akabonyeza tena. Kama ilivyo ada ya mafundi, mume alitangulia kila rekodi kwa kutaja wimbo unaofuata. Katika kanda nyingine zote sauti yake ilikuwa nzito, sauti ya gunia linaloburutwa. Katika hii ilikuwa nyembamba, ya kivulana. Betri? Betri zikichoka hushusha sauti, hazipandishi. Mzee alikuwa ameinakili kanda kwa mwendo wa kasi ili mkono wa mkewe uonekane mzima. Alikumbuka kila kitu, akasahau kwamba yeye mwenyewe yumo ndani.

Asubuhi, kabla bosi hajafika, mama aliiweka kanda kwenye mashine ya studio, akapunguza mwendo kidogo kidogo hadi mzee akarudi kuwa mzee. Akaunakili wimbo upya kwa mwendo ule. Akausikiliza wote amesimama, kisha akachukua mkoba wake akaenda kwa Mwalimu. Jirani anayemshikia Chiriku alikuwa na dharura, kwa hiyo Chiriku naye alikwenda.

Mzee aliwapokea jikoni. Alikuwa akiosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

"Umegundua," alisema bila kugeuka.

"Ni sauti yako, baba."

"Sauti yangu imefanya nini?"

"Imekutaja."

Mzee alicheka cheko lisilofika machoni. "Fundi mzima! Kama mwizi aliyeacha kitambulisho dirishani."

"Ile ya asili ipo?"

"Nilirekodi juu yake." Alikiweka kikombe chini. "Mwanangu, usimwambie. Yeye hajisikilizi, hajawahi hata siku moja. Anapiga, anafunga piano, basi. Msifu tu. Ulimi hauna mfupa."

Mama aliingia chumbani.

Mwalimu alikuwa amelala chali, mdogo, kama vazi lililotandazwa kitandani likisubiri mwenyewe. Chumba kilinuka dawa ya kuchua. Kupitia mlangoni ilionekana piano sebuleni, imefunikwa shuka.

"Huyu ndiye hakimu?" alisema Mwalimu. "Mbona binti mdogo hivi? Na huyu karani wake?"

"Mimi si karani," alisema Chiriku. "Mimi Chiriku."

"Haya kaa, Chiriku. Leo mshtakiwa ni mimi." Aligeuza macho kwa mama. "Anza na zile za zamani. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mama alivuta pumzi. Aliwahi kuwaambia watu wengi hapana kwa barua, kwa simu, hata hewani. Hakuwahi kumwambia mtu aliyelala mbele yake.

"Ni safi, Mwalimu."

"Safi," alirudia mwanamke yule, kama mtu aliyeomba chakula akapewa maji. "Hazifai?"

"Hazifai. Unakimbia."

Mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliguna kama aliyekanyagwa. Mwalimu alifumba macho kitambo. Alipoyafumbua hayakuwa na chozi, na hilo lilimuumiza mama zaidi.

"Najua," alisema. "Maisha yangu yote nimekimbia. Ndiyo maana ile ya mwisho nilipiga polepole. Makusudi. Nikajiambia, leo kila panapouma nasimama. Ulisikia?"

Mama hakumtazama mzee. Alijua macho yake yakoje. Hakuna aliyelazimika kusema. Mzee mwenyewe alitambaa na ukuta mpaka akakaa sakafuni.

"Nilidhani ni mkono," alisema. "Nilidhani ni ugonjwa. Nikakuongezea mwendo kwenye mashine. Nilikuwa nakusaidia."

Mwalimu alimwangalia muda mrefu. "Hata barabarani ulikuwa hivyo," alisema mwishowe. "Mbele mbele, mie nyuma na vikapu, kama unakimbilia choo."

Mzee alitaka kucheka, akashindwa katikati, akafunika uso.

"Nimeirudisha kwenye mwendo wake," alisema mama. Akatoa redio-kaseti mkobani, akaiweka kando ya mto.

Wakasikiliza. Kwa mara ya kwanza Mwalimu alijisikiliza. Noti za mwanzo zilikuja mojamoja, na baina yake palikuwa na nafasi ya mtu kufiwa ndani yake. Pedali haikung'ang'ania tena kitu. Mzee aliacha kufuta uso. Halafu, katikati, mkono wa kushoto ukaanza kujikokota. Besi zikachelewa, nyingine hazikuja kabisa, na kufikia mwisho wimbo ulikuwa ukitambaa.

Tak.

"Hukumu," alisema Mwalimu.

"Sijawahi kusikia mtu akisubiri namna ile," alisema mama. "Hadi katikati. Kuanzia pale mkono wa kushoto unakufa, na mtu anaacha kusikiliza, anaanza kukuhurumia."

"We binti!" alifoka mzee.

"Mwache. Ndiye wa kwanza kunisikia." Mwalimu alinyoosha kidole kuelekea redio-kaseti. "Kumbe nina nusu wimbo. Wengine hawana hata hiyo. Sasa sikia: uirushe hewani, na unikatie pale. Kabla ya huruma."

"Wimbo haukatwi katikati!" alisema mzee. "Watasema mitambo imeharibika."

"Wewe ulikata muda wangu pasipoonekana. Huyu na akate panapoonekana."

Mwalimu alikufa kabla ya Jumapili. Mzee alipiga simu redioni, akasema neno moja tu, "Tayari," kisha akabaki kwenye simu bila kukata, mpaka mama akakata yeye.

Bosi hakutaka. Alitaka ile ya kasi, na alipokataliwa akataka tangazo la sabuni lingojee pale wimbo unapokatika. "Dada yangu, redio haikai kimya. Ukimya ni ajali." Mama alimjibu kwamba basi itakuwa ajali, na kama kuna kazi ya kupotea, ipotee. Bosi alitoka akiufunga mlango kwa nguvu.

Jumapili alimleta Chiriku studio, akamkalisha kwenye stuli kando yake, kidole mdomoni, ishara ya kunyamaza. Akasema kwenye maikrofoni jina la Mwalimu, lote, kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha kifo. Akasema alivyopiga na mahali aliposhindwa. Hakuongeza sifa, hakupunguza. Kisha akaachia kanda.

Noti zilikuja, zikasubiriana. Mama alifikiria sebule ya kule, mzee peke yake mbele ya redio. Kanda ilipofika pale mkono wa kushoto ulipoanza kuzama, alikata.

Ukimya ulikwenda hewani. Bosi alikuwa nyuma ya kioo, ameinua mikono miwili. Mama aliwasha maikrofoni ili aage, mdomo ukafunguka, maneno yakakataa kuja. Mtoto alitazama mashine iliyosimama, akamtazama mama yake, akainama kwenye maikrofoni.

"Haijaisha," alisema.