Dakika Nne za Bonde Kavu

Mzee Mwishehe wa Tandika akikwambia jana alikula ugali, nenda kwanza kaulize jirani kama palisongwa. Huyu ndiye aliyesimulia, kikombe cha kahawa mkononi na uso mkavu, kwamba ukumbi wa sinema wa Nuru ulipoonyesha picha yenye simba, simba wa kweli alitoka Pugu akaja kukata tiketi, tena akakata ya benchi la mbele kwa kuwa viti vya nyuma vilishajaa. Watu walicheka mpaka kahawa ikawatokea puani. Hakuna aliyemdai ushahidi. Alikuwa mwendesha mashine wa Nuru miaka ishirini na miwili, na mwendesha mashine ana haki zake.

Jambo moja tu hakuwahi kulisimulia, nalo lilikuwa la kweli. Lilikaa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, ndani ya sanduku la nguo la mkewe Mwanaheri, limefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Dakika nne za filamu.

Ilikuwa hivi. Mwaka sitini na sita Nuru walileta picha ya kauboi iitwayo Bonde Kavu. Sasa, sheria ya sinema kila mtu wa Temeke anaijua: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa korongoni, lakini hafi. Akifa yeye, nani atawalipizia kisasi waliokufa? Wale waliotengeneza Bonde Kavu huko Marekani hawakupewa habari ya sheria hii. Wakampiga stelingi risasi mbili za kifua. Siku ya kwanza, kabla hajamaliza hata kuanguka, watu walivunja mabenchi kumi na moja, dafu lililorushwa likapasua pazia la picha, na taa zikawashwa ikabidi kila mtu aende kwao.

Kesho yake asubuhi, Mwishehe akajifungia kwenye chumba cha mashine na mkasi. Akaikata ile dakika ya kifo na zile tatu za kilio na maziko, akachukua kipande cha mwanzo ambacho stelingi anapanda farasi na kuondoka, akakiunga mwishoni. Jioni ile stelingi alianguka, halafu huyoo, yuko juu ya farasi! Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Wa siku ya kwanza wakachekwa: "Mngevumilia kidogo mngemwona anainuka." Picha ikakaa wiki sita.

Shida ilikuja na mkaguzi wa kampuni iliyoazimisha picha. Akaipima filamu, akaikuta pungufu, akakataa kuipokea, Nuru wakalazimika kuilipia. Meneja akasema imeibwa, vipande vinauzwa mitaani. Ufunguo wa chumba cha kuzungushia filamu zirudi mwanzo ulikuwa kwa Albano, kijana wa Mahenge aliyekuwa msaidizi. Mwishehe alikuwa amesimama pale pale, mkewe ana mimba ya miezi saba. Alifungua mdomo aseme. Akaufunga.

Albano alilala polisi siku mbili, kazi ikaota mbawa, na mtaa ukampa jina: Mkasi. Alikwenda Kunduchi kuponda kokoto, na huko kibanzi cha jiwe kikamtoa jicho la kulia. Akarudi Temeke kutengeneza redio. Na kwa miaka ishirini na tisa hao wawili wakawa marafiki, wa kuzikana, kwa sababu mtu pekee aliyempelekea Albano chakula kule polisi alikuwa Mwishehe. Albano hakuusahau wema huo. Kila alipoutaja, Mwishehe alijisikia kama aliyemeza mwiba wa samaki mbele ya wageni.

Mngeuliza, kwa nini hakukichoma moto kile kipande? Mwendesha mashine hatupi filamu, kama vile mwalimu wa madrasa hatupi karatasi yenye aya.

Basi, mwaka tisini na tano akaja Farhan, mwenye duka la kanda za video kule Kinondoni, kijana mwenye adabu na miwani ya jua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umepotea njia au una shida?"

"Nina bahati, babu. Kuna watu huko Ulaya na Kanada wanakusanya picha za zamani, kama wengine wanavyokusanya stempu. Wanazitaka kwenye kanda za video, wazitazame majumbani kwao. Sasa kuna moja wanaitafuta kama dawa, Bonde Kavu. Nakala zilizobaki huko kwao zimeoza mwisho, haijulikani vizuri inaishaje. Nimesikia Nuru ilipofungwa, ikageuzwa ghala la mitumba, filamu zilikuja kwako pamoja na mashine."

"Zilikuja."

"Na hiyo ipo? Nzima?"

Hapa mtu mwingine angesema ngoja nitazame. Lakini mdomo wa Mwishehe haukuwahi kuona sifa ikapita bila kuidaka. "Nzima," akasema. "Haijang'atwa hata na panya."

Farhan akamkumbatia. Kaka yake alikuwa anasafiri kwenda Ulaya Ijumaa ya wiki inayofuata. Kanda iwe tayari. Kijana alipoondoka, Mwanaheri akatoka chumbani, mikono kiunoni.

"Baba Naima, hiyo picha utaiungaje bila Albano? Mikono yako inatetemeka kama mtu mwenye degedege."

"Nitamwita."

"Na kopo je?"

"Nitasema limeokotwa kwenye dari ya Nuru."

Mwanaheri akashusha mikono. "Mie nimelala na hilo kopo miaka yote hii nikidhani ipo siku utalitoa kwa heri. Kumbe unalitoa kwa uongo mwingine."

Wakaanza kazi Jumatatu. Madirisha yakazibwa mablanketi ili chumba kiwe giza mchana, na joto la Januari likawa la kuokea mikate. Filamu ilikuwa inanuka siki, dalili ya kuanza kuoza. Albano alikaa chini, miguu kaikunja, akaivuta mkono kwa mkono juu ya shuka jeupe, akiifuta kwa pamba yenye spiriti. Kila penye tundu la pembeni lililochanika aliweka kiraka chembamba kuliko ukucha. Jicho moja tu, lakini vidole vile vilikuwa na macho yao.

"Mwenzangu," alisema Albano siku ya pili, jasho likimchuruzika, "unajua mie picha hii sijapata kuiona mpaka mwisho? Kila ilipokuwa ikiisha nilikuwa chumba cha pili nazungusha rili nyingine irudi mwanzo. Halafu nikafukuzwa."

"Basi utaiona."

"Kama mwisho upo."

"Upo," akasema Mwishehe. "Wale wa mitumba wamepata kipande darini. Bila shaka mwizi alikificha pale akashindwa kukirudia."

"Mwizi," Albano akasema polepole. "Miaka yote hiyo kiko darini, na mie naitwa Mkasi hadi na wakwe zangu."

Jumatano baada ya chakula Mwishehe akalileta kopo. Alikuwa ameondoa ile kanga, akalisugua kwa vumbi lionekane la darini. Alijiona mjanja kweli kweli. Albano akafungua kifuniko. Hakushika filamu. Aliinamisha uso juu ya kopo, akabaki hivyo, kama mtu anayenusa mchuzi.

"Mwishehe."

"Naam."

"Wauza mitumba siku hizi wanafukiza dari kwa udi?"

Hadithi kumi na mbili zilimjia Mwishehe kwa mpigo, zikakwama mlangoni kama watu wa Nuru siku ile ya mabenchi.

"Udi na karafuu," Albano akaendelea, sauti haijapanda wala kushuka. "Nguo za sanduku la Mwanaheri ndizo zinanukia hivi. Alikuja nazo kumsitiri marehemu mke wangu siku ya msiba. Nilikaa na ile harufu siku arobaini, siwezi kuikosea. Ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mie."

"Ukanijia polisi na wali."

"Nikakujia na wali."

"Wa nazi."

"Wa nazi, ndiyo. Na papa." Mwishehe alikuwa analia, lakini mdomo wake haukujua kujibu pungufu ya ulichoulizwa.

Nje jirani alikuwa anatwanga.  Mwishehe alingoja ngumi, alingoja tusi, hata laana angeipokea kwa mikono miwili. Albano alifuta vidole kwenye suruali, akachukua chupa ya gundi.

"Kwanza tumalize kazi," akasema. "Gundi ikikauka haitafaa."

Aliunga kile kipande yeye mwenyewe, na yule farasi akamrudisha mwanzoni. Alipomaliza, hapakuonekana kovu. Wakawasha mashine, Mwishehe akaelekeza ukutani kamera ya video aliyoiacha Farhan, na Bonde Kavu ikapita nzima kwa mara ya kwanza katika nyumba ya Tandika. Stelingi alianguka. Hakuinuka. Aliomba maji, wakamletea kwenye kofia yake mwenyewe, akatazama wale waliomletea mmoja mmoja, na maji yakabaki. Farasi wake alisimama mbali, hajui.

"Kumbe alikufa vizuri," alisema Albano.

Mashine ikazimwa. Ndipo akamgeukia mwenzake kwa lile jicho moja.

"Jicho sikudai, lilichukuliwa na jiwe. Kazi sikudai, Nuru yenyewe imekufa. Nakudai jina langu. Ukaseme. Si humu ndani, si kwa mkeo. Kaseme mbele ya watu, kama ulivyowasimulia simba."

"Nitasema."

"Keshokutwa, baada ya alasiri, kwenye kibanda cha Badru, picha ikishaonyeshwa."

Farhan alikuja Alhamisi, akaitazama kanda, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaacha nakala moja, akaenda zake Kinondoni na ile nyingine. Huko ilikokuwa inakwenda, watu wangekaa kwenye makochi yao, wamwone stelingi anakufa, waamini.

Badru alikuwa na kibanda cha video nyuma ya soko, mabati pande zote, televisheni moja juu ya meza ndefu. Ujanani aliiona Bonde Kavu mara tisa. Aliposikia imepatikana alikataa hata kutoza kiingilio. Ijumaa alasiri kibanda kilijaa mpaka wengine wakaning'inia mlangoni, wazee wa enzi za Nuru wote, wakipiga mluzi na kuimba kila stelingi alipotokea. Albano alikaa benchi la mwisho, amevaa shati jeupe la kanisani.

Risasi mbili. Stelingi chini.

"Ngojeni," Badru akawaambia wenzake, anatabasamu. "Anainuka sasa hivi."

Hakuinuka. Maji yakaletwa kwenye kofia. Kibanda kikawa kimya, mpaka maziko yakaisha na skrini ikajaa chenga.

"Uongo!" Badru akaruka. "Hii feki! Mie nimeiona mara tisa, kwa macho yangu haya. Stelingi alipanda farasi!"

"Alipanda!" wakaitikia. "Stelingi hafi!"

"Nani kaitengeneza hii?" mmoja akauliza, na vichwa vikageuka nyuma kimoja baada ya kingine. "Si huyo hapo? Mkasi! Ulikata ile ya kweli, leo umetushonea ya kwako!"

Kicheko. Si cha chuki, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Mwishehe akainuka, akasimama mbele ya televisheni.

"Nisikilizeni. Aliyekata ni mie. Sitini na sita, siku ya pili, asubuhi. Mlikuwa mmevunja mabenchi. Nilikata kifo, nikaunga farasi wa mwanzo. Kipande nikakiweka sandukuni kwa mke wangu. Albano akafukuzwa, nikanyamaza. Hana kosa. Hakuwahi kuwa nalo."

Alisema hivyo tu, mikono imening'inia, hakuigiza sauti ya mtu yeyote. Wakamtazama. Kisha ikaanza pembeni ya mdomo wa mmoja, ikahamia kwa wa pili: lile tabasamu la watu wanaomngoja simba aingie.

"Enhe?" Badru akasema. "Halafu yule farasi akaja kudai mshahara?"

Kibanda kilitikisika mabati kwa kicheko. "Mzee huyu! Yaani anamtetea rafiki yake mpaka anajisingizia wizi!"

"Wallahi ni kweli! Nileteeni msahafu, nishike!"

Hapo wakanyamaza, maana msahafu si wa mchezo. Badru akaja, akamshika mabega kwa upole, kama anavyoshikwa mfiwa.

"Mzee wetu, hapana. Usijiapize kwa ajili ya sinema. Tunakupenda hivyo hivyo. Kaa."

"Badru, mwanangu, mie..."

"Kaa, mzee. Kahawa hii hapa. Tupe nyingine."

Mwishehe akatazama benchi la mwisho. Albano alikuwa ameshainuka. Alifunga kifungo cha juu cha shati, akamwinamishia kichwa kidogo, kama mtu anayekiri kwamba mzigo umebebwa mpaka ulipofika, akatoka akipenya kati ya watu.

Nje, mama muuza maandazi alimwona anapita. Alikuwa mwanamke mwema, hajawahi kumkosea mtu adabu, na Nuru ilipofungwa yeye alikuwa bado hajahamia Temeke.

"Mkasi! Redio yangu imefikia wapi, baba?"

Ndani ya mabati, kikombe kikimuunguza vidole, Mwishehe aliisikia sauti ya rafiki yake ikijibu, tulivu, bila kusita.

"Kesho, mama. Kesho itakuwa tayari."