Udongo wa Shamba la Metro

Tangu mumewe Metro afariki, Olha Sawchuk alikuwa amemkodishia jirani, Verlin Friesen, shamba lao la ngano huko Saskatchewan. Mwaka wa tatu ngano ya upande wa magharibi ilitoka fupi, majani ya chini yana rangi ya zambarau. Olha akaamini moja kwa moja: Verlin anaikamua ardhi yake kama ng'ombe wa kuazima, anavuna bila kurudisha mbolea.

Septemba, mavuno yakiwa yamekwisha, alimkuta Verlin katikati ya mabua, anachomoa bomba la chuma ardhini na kumimina udongo kwenye mifuko.

"Kumbe hata udongo wenyewe unaondoka nao?"

Verlin akavua kofia. "Mama, ni wa kupima tu. Napima kila mwaka."

"Kila mwaka, na mimi sijaona hata karatasi moja?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Mwenye jambo safi hafichi, Verlin."

Verlin akaangalia pembeni, akaendelea kufunga mifuko. Hilo ndilo lililomkera Olha zaidi. Kesho yake akaenda mwenyewe na bomba la kuazima, akachimba sehemu kumi na mbili, akapeleka udongo kwenye maabara nyingine, mbali, ambako Verlin hajulikani.

Majibu yalipokuja, fosforasi, rutuba ambayo ikipungua majani hugeuka zambarau, ilikuwa kumi na moja. Kidogo. Akachukua ile karatasi akaenda kuibwaga mezani kwa Verlin.

"Nieleze!"

Verlin akafungua droo taratibu, akatoa karatasi ya majibu ya vuli ile aliyokabidhiwa shamba, kabla hajapanda hata punje. Fosforasi: nne.

"Naipandisha kidogo kidogo," alisema. "Ardhi ilishachoka nilipoichukua."

"Muongo. Metro alikuwa anatia mbolea kila mwaka. Aliniambia mwenyewe."

"Ndiyo maana sikukuonyesha, mama."

Olha aliondoka bila kuaga. Hakwenda nyumbani, alikwenda bandani, kwenye mashine ya zamani ya kupandia ambayo haikuguswa tangu msiba. Akafunua tangi la mbolea. Ndani mlikuwa na viota vya panya, vikavu, vya miaka mingi. Mirija ya kupitishia mbolea ilikuwa imezibwa kwa utepe mweusi, umefungwa nadhifu, kwa mkono anaoujua, wa Metro.

Alikumbuka masika nne za mwisho, Metro akirudi mapema kuliko kawaida, ameshika kifua, akisema, "Nimemaliza, nimetia kila kitu." Magunia ya mbolea yalikuwa yamemshinda kubeba. Na yeye, Olha, hakuwa amemwuliza neno.

Alikaa juu ya gurudumu la mashine, akamlaumu marehemu kwa sauti, kisha akalia.

Jumapili alimwita Verlin, akampakulia bakuli la supu nyekundu ya bitiruti.

"Nilikudhania mwizi," alisema.

"Najua."

"Sasa kula. Halafu uniambie, masika tutie mbolea kiasi gani, na mimi nitakuwepo nikiona inaingia."

Verlin akacheka. Olha hakucheka, alikuwa anasema kweli.